Transfoma ya flaibaki ya wati 12: uliza kuvuja kabla ya bei

Malalamiko ya mafundi wanaojiundia pawasaplai ndogo za volti 12 yanafanana: aisii (chipu inayoendesha pawasaplai) imepasuka baada ya siku chache, ikawekwa nyingine, nayo ikapasuka. Lawama zote huishia kwa aisii kwamba ni feki. Mara nyingi mkosaji ni transfoma ya flaibaki (inayoweka nishati swichi ikiwaka na kuitoa ikizima) inayovuja.

Kuvuja ni ile sumaku ya praimari (koili ya kuingizia umeme) isiyoifikia sekondari (koili ya kutolea). Mosfeti, swichi iliyo ndani ya aisii, inapozima, nishati ya sumaku hiyo haina pa kwenda, inaruka kama mwiba wa volti. Piga hesabu na aisii ya TNY278, ambayo mosfeti yake inastahimili volti 700. Umeme wa 230 ukipanda hadi 265, baada ya daraja la dayodi unapata 375 DC. Kwa uwiano wa mizunguko 9 kwa 1, sekondari ya volti 12, pamoja na 0.7 za dayodi yake, inarudisha 114 praimari. Jumla 489. Mwiba umebakiwa na 211 tu.

Snaba, yaani rezista, kapasita na dayodi zilizofungwa kwenye praimari, ndiyo inayoukata, ila na yenyewe ina kikomo. Chukua praimari ya maikrohenri 900, kilele cha ampea 0.5, kilohezi 132, snaba imeshikilia volti 200. Ikivuja maikrohenri 15, rezista ya snaba inakula wati 0.58. Ikivuja 40, inakula karibu 1.5. Rezista ya wati 1 uliyoweka inageuka kahawia, siku ya tatu inakatika, kapasita ya snaba inajaa bila pa kumwagia, na mwiba wote unamwangukia mosfeti. Ndiyo maana kifaa kinafanya kazi vizuri mezani halafu kinafia kwa mteja.

Kupima hakuhitaji umeme wa ukutani. Tumia mita ya LCR (inayopima henri za koili) iliyowekwa kilohezi 100. Pima praimari sekondari ikiwa wazi, kisha unganisha pini za sekondari na za koili ya msaada, kila koili kivyake, upime tena. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachovuja. Waya wa kuunganishia uwe mfupi na mnene: nanohenri 20 za waya upande wa sekondari zinaonekana praimari mara 81, yaani maikrohenri 1.6 za uongo. Kikiwa chini ya asilimia 2 ya kipimo cha kwanza, nunua. Ikifika 3, weka rezista ya snaba yenye wati kubwa zaidi. Ikipita 4, rudisha.

Chaguo la kwanza ni transfoma za kampuni ya Würth Elektronik, zile za namba zinazoanza na 750, na hapa hakuna kuficha upendeleo. Datashiti zao zinaandika kikomo cha kuvuja, zinataja pini zilizounganishwa wakati wa kupima na masafa yaliyotumika. Zinataja pia ampea ambazo kiini kinaanza kushiba, yaani kushindwa kubeba sumaku zaidi. Hapo acha nafasi: feraiti ya N87 (aina ya malighafi ya kiini) inashiba kwenye militesla 490 ikiwa nyuzi 25, lakini kwenye nyuzi 100 inashuka hadi 390. Aisii ikikata kwa ampea 0.55, tafuta transfoma ya 0.7 kwenda juu.

La pili ni kufunga mwenyewe. Kiini cha ukubwa wa EF20, cha N87, pengo la karibu milimita 0.17 mguu wa kati, praimari mizunguko 63, sekondari 7. Funga 32 za praimari, juu yake sekondari kwa waya wenye insulesheni tabaka tatu, kisha malizia 31 zilizobaki. Sekondari itandazwe upana wote wa bobini, kile kibebea waya. Ikirundikwa pembeni, kuvuja kunapanda na kazi yote ya kuibana katikati inapotea. Waya wa vanishi wa kawaida usiutumie sekondari, hapo ni maisha ya mtu.

Za kung'oa kwenye chaja kuukuu zinafaa ukirudisha na aisii yake ileile. Zile za bei ya kutupa zisizo na namba, pita.

Kinachoudhi zaidi ni namna zinavyouzwa. Kariakoo au Luthuli ya Nairobi ukisema flaibaki bila kufafanua, unaweza kutolewa ile ya runinga ya kioo kinene. Ukifafanua, unaambiwa "hii ni ya wati 12", basi. Wati 12 kwa kilohezi ngapi? Maikrohenri ngapi? Hakuna jibu, na juu ya kaunta pamebandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Fundi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Na akiagiza nje kipande kimoja, usafirishaji unapita bei ya transfoma yenyewe, kwa hiyo ni afadhali mafundi watano waagize pamoja. Kwa ya dukani, nenda na mita yako uipime hapohapo kabla ya kutoa pesa. Ni dakika moja, na muuzaji akikataa, iache kwenye kaunta yake.