Uzoefu wangu: siku sita za baiskeli Dordogne, begi wanakubebea ila mlima unaupanda mwenyewe

Niliahidi watu nikirudi nitaandika, haya nimerudi, magoti nayo yamechelewa kidogo ila yamefika, ndo naandika.

Tulichonunua ni safari ya baiskeli ya siku sita usiku tano, kusini magharibi mwa Ufaransa, bonde la mto Dordogne kuanzia Sarlat kuishia Rocamadour. Hakuna mtu wa kuwaongoza, mnaenda wenyewe. Kampuni inawapa baiskeli, inawabukia hoteli, inawawekea njia kwenye simu, na kila asubuhi kigari chao kinapita kuchukua mabegi kinayatanguliza hoteli inayofuata. Nimelipa euro 795, shemeji yangu kaongeza 130 sababu kachukua ya umeme. Humo chakula cha mchana hakimo, chakula cha usiku siku mbili tu kimo, na treni unajilipia. Tulipanda treni Paris Austerlitz mpaka Souillac halafu basi mpaka Sarlat.

Sasa kabla sijaenda mbali nijitambulishe ili mnielewe vizuri, mimi mtu wa Shinyanga, nimekulia juu ya baiskeli ya Phoenix, nimebeba magunia, nimebeba dada zangu kwenye karia, na miaka hii kumi naishi Utrecht, Uholanzi, ambako hata kwenda kununua mkate ni baiskeli. Kwahiyo nilipoona wameandika "ugumu wa wastani, kilomita 35 hadi 45 kwa siku" nikacheka, nikamwambia shemeji hizo kilomita 45 si za kabla ya chai hizo. Shemeji ni mtu wa Tanga, ana miaka 54 na kitambi, akasema yeye anachukua ya umeme hataki ushujaa. Nikamtania wiki nzima kabla ya safari. Naomba mkumbuke hilo la kumtania.

Shinyanga ni tambarare, Uholanzi ni tambarare. Hilo sikulifikiria.

Tulifika Sarlat Jumamosi na nawashauri mfike Jumamosi au Jumatano maana ndo siku za soko. Mji wa zamani wote unageuka soko, mawe ya nyumba rangi ya asali, na katikati kuna kanisa la zamani la Sainte-Marie ambalo siku hizi ni soko la ndani, wameliwekea milango ya chuma mirefu ajabu, ukisimama chini unajiona sisimizi. Aliyebuni ni Jean Nouvel, yule yule wa jumba la makumbusho la Louvre Abu Dhabi, alikulia hapo hapo Sarlat. Tukanunua jozi, zile kokwa ukizipasua ndani kama ubongo, maana huko mijozi ipo kila mahali na mafuta yake wanayauza kwenye chupa kama sisi tunavyouza asali. Jioni jamaa wa kampuni akatuletea baiskeli hotelini, akapima urefu wa siti, akatuonyesha gia, akatupa pampu na tyubu za akiba, saa moja nzima kakaa na sisi bila haraka. Hapo nawapa alama zote. Baiskeli yangu ilikuwa safi, gia 27, cheni imepakwa mafuta, tairi nene kiasi.

Siku ya pili ndo uhondo wenyewe. Tulishuka kutoka Sarlat mpaka mtoni, unafika Beynac unainua macho unaona ngome imekaa juu ya jabali kama kunguru juu ya mnazi, halafu ng'ambo ya mto unaona ngome nyingine, Castelnaud, nayo imekaa vile vile inakutazama. Wakati wa Vita ya Miaka Mia, ile ya zamani kati ya Ufaransa na Uingereza, hii ya Beynac ilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa na ile ya Castelnaud ikashikwa na Waingereza, yaani majirani wanaamka asubuhi wanaangaliana, kila mmoja anajua mwenzake leo kapika nini. Na hapo ndo nikaanza kuelewa shida yangu ya siku zilizobaki. Hawa watu walijenga vijiji vyao juu kusudi, ili adui akifika awe hana pumzi. Sasa mtalii wa baiskeli anaingilia njia ile ile ya adui.

Tukaenda mpaka Les Milandes, kasri la Josephine Baker. Huyu mama alikuwa mcheza dansi mweusi kutoka Marekani, akaja Ufaransa, wakati wa vita ya Hitler akawa anapeleka siri kwa upande wa ukombozi, kasri hili alilipanga kwanza halafu akalinunua 1947, akaasili watoto 12 wa mataifa tofauti akawalea humo. Mwaka 2021 Wafaransa wakampa heshima ya Panthéon, lile jengo la Paris la kuenzi watu wao wakubwa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa. Ila kilichonikamata mimi sio nguo zake za dansi, ni picha moja ya 1969, madeni yamemzidi, ametolewa nyumbani, amekaa kwenye ngazi za mlango wa jiko kajifunika blanketi, kichwani kofia ya kulalia. Halafu unatoka nje unaziona ngazi zenyewe. Shemeji alisimama pale muda mrefu hasemi kitu, na shemeji sio mtu wa kunyamaza. Msiliruke hili kasri, kampuni wameliweka kama "ukipenda", pendeni.

Tukarudi ng'ambo tukapita La Roque-Gageac, kijiji kimebanwa kati ya mto na ukuta wa mwamba, jua linapiga pale kutwa, na chini ya mwamba, amini usiamini, kuna migomba. Migomba! Ufaransa! Sikuona mkungu hata mmoja lakini majani ni yale yale. Mwenye duka la aiskrimu akatuambia mwaka 1957 kipande cha mwamba kiliporomoka kikaua watu watatu, nikala aiskrimu yangu nikiangalia juu.

Halafu Domme. Aisee. Hoteli yetu ilikuwa Domme, na Domme iko juu ya genge la mwamba, mto uko kama mita 150 chini yake. Unavuka daraja pale Cénac, una kilomita 40 miguuni, saa kumi jioni jua bado kali, unaona kibao Domme, na kutoka hapo ni kupanda tu, kona inaleta kona. Nilianza na gia ya katikati kwa heshima ya Shinyanga. Kona ya kwanza nikaenda gia ndogo kabisa. Kona ya pili nikawa nakanyaga naona kama tairi haizunguki, jasho linaingia machoni, na hapo ndipo shemeji akanipita, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameshika simu anaongea na dada yangu. Namsikia anasema "yupo, yupo nyuma hapa, anasukuma". Na kweli nilikuwa nimeshashuka nasukuma.

Kwahiyo lawama ya kwanza kwa kampuni, na ndo kubwa: msituandikie kilomita tu, tuandikieni mita za kupanda. Kilomita 40 za kando ya mto na kilomita 40 zinazoishia Domme ni vitu viwili tofauti kama maji na gongo. Nilipokuja kuangalia kwenye simu tulipanda zaidi ya mita 500 siku hiyo, na hakuna mahali walipoandika. Kama unatoka sehemu tambarare kama mimi chukua ya umeme, acha kiburi, kwenye mteremko wote tunafanana.

Domme penyewe ni pazuri hasa jioni magari ya watalii yakiondoka. Mji ulianzishwa 1281 na mfalme Philippe III, kuta bado zipo, na kwenye lango moja lenye minara miwili walifungwa Watempla, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, kuanzia 1307, wamechora misalaba na watu kwenye ukuta wa jela. Nikalala kama gogo.

Ila chakula, hapa nikae kidogo. Shemeji ni Muislamu, kwenye fomu ya kubuku tuliandika wazi kabisa, hali nguruwe, hali nyama isiyochinjwa kihalali, samaki na mayai sawa. Kampuni wakajibu wamepokea. Hoteli ya Domme hawakuwa na habari yoyote. Ikaja saladi, juu yake firigisi za bata na vipande vya nyama ya bata. Shemeji akaeleza kwa Kifaransa chake cha Antwerp, Ubelgiji, mhudumu akasema kwa furaha kabisa "hapana bwana, hakuna nguruwe, ni bata". Yaani kwao nyama sio nguruwe basi tatizo limekwisha. Zikaja viazi za kukaanga, nzuri, zinanukia kitunguu saumu, tukauliza mafuta gani, ya bata. Kimanda je? Mafuta ya bata. Huo mkoa bata ndo serikali. Mwisho akaletewa samaki wa mtoni na mkate, mimi nikala sahani mbili sikulalamika. Siku zilizobaki akawa anajinunulia sokoni, mkate, nyanya, matunda, na ile jibini ya mbuzi ya Rocamadour, vidude vidogo vya mviringo kama sarafu kubwa, akapaka asali juu, mpaka leo anaisifia. Kwahiyo kama una masharti ya chakula usiiachie kampuni, piga simu kila hoteli mwenyewe.

Na jambo lingine la huko ambalo mtu wa kwetu atalizoea haraka: salamu kwanza. Ukiingia dukani ukaanza moja kwa moja "nataka maji" unakuwa hewa, hawakuoni. Sema bonjour, subiri, ndo useme shida yako. Bibi mmoja Vitrac tulimsalimia vizuri akatujazia chupa za maji akatuongezea na tini kutoka bustanini.

Jumatatu ilikuwa rahisi, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, lami safi, hakuna magari, unapita hadi ndani ya mahandaki, mpaka karibu na Souillac. Nilikanyaga naimba. Tatizo Jumatatu maduka na migahawa mingi imefungwa, tulishindia zile jozi na ndizi. Pia kushuka Domme asubuhi breki yangu ya nyuma ilianza kupiga kelele ya chuma kwa chuma, nikawatumia kampuni meseji, na kesho yake kabla sijamaliza chai gari likaja na baiskeli nyingine. Hiyo ni huduma.

Sasa Jumanne. Souillac kwenda Rocamadour unapita Lacave, na baada ya Lacave unapanda kwenye uwanda wa juu, nchi kavu, mawe, mialoni mifupi, na kondoo weupe wenye duara jeusi machoni kama wamevaa miwani ya jua. Pazuri sana, pakimya. Ila njia ya kwenye simu ilitutoa kwenye lami ikatuingiza kwenye kijinjia cha mawe, sio changarawe, mawe, kikawa chembamba, kikaishia kwenye geti la mtu lina kufuli. Ramani inasema endelea mbele. Mbele kuna kondoo. Nikapiga ile namba ya dharura, ikaita ikakatika, dakika 40 ndo wakapokea, dada akasema kwa upole "ah, hapo, ndiyo, njia ilishabadilika". Ilishabadilika lini dada? Na kama mnajua mbona bado ipo kwenye simu yangu? Tukarudi na ya umeme ile nzito kweli kweli, kilo zaidi ya 20, shemeji anaisukuma juu ya mawe na betri imebaki kijiti kimoja, na mimi kwa mara ya kwanza safari nzima nikawa mbele. Sikupiga simu kumwambia dada yangu lakini nilifikiria.

Halafu ukitokea juu ukaiona Rocamadour ng'ambo ya korongo unasamehe karibu kila kitu. Nyumba chini, makanisa katikati, ngome juu, vyote vimebandikwa kwenye ukuta wa mwamba, jua la jioni limeuwasha. Kutoka mtaa wa chini kwenda kwenye makanisa kuna ngazi 216, mahujaji wa zamani walizipanda kwa magoti na mpaka leo wapo wanaofanya hivyo. Mimi nikapanda lifti, ya kulipia ndiyo, magoti yangu yalishahiji njiani. Ndani kuna sanamu ya Bikira Maria mweusi, ndogo tu, ya mbao, watu wanakaa mbele yake kimya.

Tulilala hapo usiku mbili. Jumatano tukaenda shimo la Padirac, unashuka mita 75 halafu unapanda mashua kwenye mto wa chini ya ardhi, nyuzi joto 13 mwaka mzima, nendeni na sweta na mbuku mapema. Alhamisi tukarudisha baiskeli, mabegi hayakupotea wala kuchelewa hata siku moja.

Waliponiuliza nyota nikatoa nne. Wangenipa mita za kupanda na wangesoma fomu ya chakula ningetoa tano bila kuulizwa. Nimewaandikia pia kuhusu lile geti la baada ya Lacave, wamejibu wanashughulikia. Shemeji yeye katoa tano, nilipomuuliza kwa sababu ipi, na firigisi zile zote, akasema kwa sababu ya Domme.