TAHADHARI: Pampu za insulini za mtumba na "kifurushi cha mwezi" vinavyouzwa Kigoma

Mlioko Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu na Uvinza mkiwa na mtoto au ndugu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, someni hili kabla hamjatuma hela. Kwenye magrupu ya WhatsApp linazunguka tangazo la pampu ya insulini (mashine ndogo ya kuvaliwa inayopitisha insulini chini ya ngozi kwa mpira mwembamba) "kutoka Ulaya, imetumika kidogo" kwa laki nne na nusu, pamoja na "kifurushi cha mwezi": chupa mbili za insulini, stripu za kupimia sukari na mipira ya pampu. Muuzaji hana duka. Ukimwuliza alipo, mzigo uko Tabora unakuja na basi, au uko ng'ambo ya ziwa unasubiri boti ya Kibirizi. Anataka nusu kwanza, kwenye namba ya kawaida ya simu, na jina linalotokea ukituma silo alilojitambulisha nalo.

Tapeli wa kula hela na kuzima simu ana nafuu. Hela inauma, lakini mgonjwa anabaki na dozi yake ya jana. Wa kuogopwa zaidi ni huyu anayeleta mzigo kweli.

Tuanze na pampu. Mpya huko nje ni dola elfu kadhaa, na ya mtumba inashuka bei kwa sababu moja kubwa: haina chakula. Ni kama ng'ombe wa kisasa, kumnunua si kazi, kazi ni kumlisha. Mpira na kanula yake, yaani kijimrija kinachokaa chini ya ngozi, hubadilishwa kila baada ya siku mbili hadi tatu. Kwa mwezi ni seti 10 kwa uchache, na ni vizuri kuhesabu 12, maana nyingine hujikunja chini ya ngozi au hubanduka kwa jasho. Kichupa cha ndani kinachobeba insulini nacho hubadilishwa pamoja na mpira. Kila unapojaza upya, mpira unameza yuniti 10 hadi 20 kabla tone la kwanza halijatokea kwenye ncha. Mtu wa yuniti 40 kwa siku anahitaji 1,200 za mwili kwa mwezi, na nyingine 100 hadi 200 zinaishia kwenye mipira. Chupa ya mililita 10 ya insulini ya 100 IU/ml ina yuniti 1,000. Ongeza stripu: mtu wa pampu apime si chini ya mara nne kwa siku, yaani 120 kwa mwezi.

Sasa fungua hicho kifurushi cha mwezi. Ndani mna mipira mitatu. Hiyo ni siku tisa. Siku ya kumi winga anataja bei nyingine kabisa, na hapo umeshafungwa, kwa kuwa mara nyingi mpira wa pampu moja haufungi kwenye nyingine. Medtronic, watengenezaji wa pampu, wana kifungio chao peke yao. Animas, ambayo bado inaonekana kwenye matangazo haya, kampuni yake ilitangaza kuacha biashara ya pampu mwaka 2017. Vifaa vyake ukivipata leo ni mabaki ya stoo. Wanaokosa mpira huishia kuuvaa ule ule wiki nzima. Mahali hapo panavimba, panatunga usaha, insulini hainyonywi, sukari inapanda huku mashine ikionyesha kwamba dozi imetoka.

Ukiletewa pampu ya Medtronic aina ya MiniMed 630G au 670G, kabla ya kitu kingine tazama tundu linapoingia kichupa. Pana pete nyembamba inayokishika kisitoke. Kama pete ni ya plastiki angavu, pampu hiyo imo katika zile ambazo Medtronic ilianza kuzirudisha mwishoni mwa 2019, na mwaka 2021 ikasema zote zenye pete angavu zibadilishwe kwa za pete nyeusi. Pete ikivunjika kichupa hulegea, na dozi inaweza kuingia nyingi kwa mkupuo au isiingie kabisa. Pampu ya mtumba haina mtu wa kuibadilisha.

Kuna jambo baya kuliko hayo. Pampu hutumia insulini ya haraka tu, kama lispro au aspart. Hospitali nyingi za kwetu zina ile iitwayo insulini ya binadamu (human insulin): ile angavu ya soluble, na zile za mawingu kama NPH na Mixtard. Muuzaji akikwambia "weka Mixtard tu, itatembea", mfukuze. Insulini ya mawingu ina chembe. Inatuama ndani ya mpira na kuuziba, na dozi haina kipimo tena. Mwenye pampu hana insulini ya muda mrefu mwilini. Mpira ukiziba saa nane usiku, alfajiri anaweza kuwa anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina kama aliyekimbia, na mdomo unanuka matunda. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, si wa kupewa maji ya ndimu.

Kwenye insulini ya chupa, soma maandishi madogo kwenye lebo: 100 IU/ml au 40 IU/ml. Za 40 bado zinatengenezwa na kuuzwa India, na bomba lake la sindano kwa kawaida lina kifuniko chekundu. Bomba la 100 lina cha rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa 20, umejidunga yuniti 50. Kinyume chake, insulini ya 40 kwa bomba la 100, ukidhani umechoma 20 umechoma 8. Kifurushi kinachochanganya chupa na mabomba ya aina mbili kirudishwe kilivyo.

Halafu tarehe. Tarehe ya kuisha na namba ya toleo (batch) kwenye boksi lazima zifanane na zilizo kwenye chupa. Sugua tarehe kwa kidole chenye maji: ikiachia wino, au karatasi pale ina kovu la kukwanguliwa, hapo pameguswa. Ukiona alama ya GOT (Government of Tanzania), hiyo ni dawa ya serikali, na inayouzwa mtaani imeibwa, hata akikuapia kwamba "imetoka MSD (bohari ya dawa ya serikali) Tabora kihalali".

Joto na baridi ni ngoma mbili tofauti. Insulini isiyofunguliwa inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyosafiri kwenye buti ya basi toka Tabora huenda imepikwa, na iliyozikwa kwenye barafu huenda imeganda. Ya mawingu iliyoganda ukiitikisa utaona mabonge au vumbi jeupe limeng'ang'ania ukutani. Ya angavu inaweza kuganda, ikayeyuka, ikabaki safi kama maji ya mvua huku nguvu imekwisha, jicho halitakusaidia. Ndiyo maana suala la nani aliibeba na kwa chombo gani lina uzito kuliko sura ya chupa. Muuzaji huyo huyo anauza pia "friji ndogo ya insulini" kwa kuwatisha watu. Wasio na umeme wasibabaike: utafiti wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotoka 2021 na kuiga joto la kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ulionyesha insulini ilivumilia wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mtungi wa udongo wenye maji, kivulini, unatosha kwa chupa inayotumika, ingawa masika hewa ikiwa nzito hupoza kidogo tu. Andika tarehe uliyofungua. Siku 28, basi.

Stripu za kuhesabiwa moja moja toka kopo lililo wazi, achana nazo. Unyevu unaziharibu na mashine inasoma uongo. Na mashine ya kutoka Marekani husoma kwa kipimo kingine: 126 yao ni 7.0 yetu. Gawanya kwa 18.

Tunajua kwa nini watu wananasa. Hata ukiwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii), dawa ikiisha dirishani kadi haikununulii mtaani. Pengo hilo ndilo duka la winga. Akikuahidi kupitisha vifaa kwa kadi ya NHIF ya mtu mwingine, au akitaka picha ya kadi yako "aitume Dar", kataa: huo ni udanganyifu wa bima, na jina litakalokutwa kwenye fomu ni lako.

Kama hela ni kidogo, isitoke kwenye pampu. Sindano ya insulini ya binadamu, ikipangwa vizuri na kliniki, inamtosha mtu kuishi vema. Kinachomwangusha ni kutopima. Chagua mashine kwa bei ya stripu zake, si kwa uzuri wake, na familia tatu nne mkubaliane aina moja ili mnunue maboksi kwa pamoja famasi. Kwa mtoto au kijana, ulizia kliniki ya kisukari Maweni, au Kitete kwa walio Tabora, kuhusu mpango wa insulini ya bure kwa watoto wa Changing Diabetes in Children, ambao Tanzania imo. Insulini inunuliwe famasi yenye mfamasia na friji inayowaka, kwa cheti, na risiti ya EFD. Duka la dawa muhimu lina orodha yake fupi ya dawa za cheti. Insulini ya chini ya kaunta haimo.

Aliyekwisha kuvaa pampu hii asiivue ghafla bila sindano mbadala mkononi. Aende nayo kliniki leo, apangiwe insulini ya muda mrefu kwanza. Aliyetuma hela apige 100 mtandao wake mara moja kabla haijatolewa, aripoti namba hiyo kwa 15040, akachukue RB polisi akiwa na ujumbe wa muamala. Chupa na stripu msizitupe wala kumrudishia. Zifungeni kwenye mfuko pamoja na boksi lake, andikeni siku mliyopokea, mzipeleke kwa mfamasia wa wilaya au TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na picha ya namba ya toleo ibaki kwenye simu yenu.