Ununue Nini Kwanza Unapojiandaa kwa Mtihani wa TOGAF

Anayetafuta cheti cha TOGAF, yaani cheti kinachotolewa na The Open Group kwa anayeujua mwongozo wake wa usanifu wa mifumo ya taasisi uitwao TOGAF, hukutana na wauzaji wengi kabla hajasoma ukurasa mmoja: kuna vitabu, kozi za video, madarasa ya siku kadhaa, maswali ya mazoezi na vocha za mtihani. Nimevipanga kwa kipimo kimoja, nacho ni jinsi kila kimoja kinavyomwezesha msomaji kutofautisha dhana zinazokaribiana. Sehemu ya kwanza ya mtihani ina maswali 40 ya kuchagua jibu, hufanywa kwa dakika 60 bila kufungua kitabu, na anayeshindwa mara nyingi ni yule aliyezijua dhana zote kwa majina huku mipaka yake ikimchanganya.

Kabla ya kulipa, tazama ni toleo gani la TOGAF linalofundishwa. Toleo la 10 lilitoka mwaka 2022, lakini vifaa vya toleo la 9.2 la mwaka 2018 bado vinauzwa, mara nyingi kwa bei ya kuvutia. Dhana za msingi kwa sehemu kubwa ni zilezile; kilichobadilika ni mpangilio wa nyaraka, na alama ya kufaulu sehemu ya kwanza, ambayo imepanda kutoka asilimia 55 hadi 60. Niliwahi kununua kozi ya video iliyotangazwa kuwa mpya, na nilipofika somo la tatu nikamsikia mwalimu akisema asilimia 55 zinatosha. Fedha sikurudishiwa. Tangu hapo humwomba muuzaji orodha ya masomo, na nisipoona toleo limetajwa, silipi.

Nafasi ya kwanza naipa TOGAF yenyewe, ambayo husomwa bure kwenye tovuti ya The Open Group. Maudhui yake ya msingi yamegawanywa katika nyaraka sita. Anza na ule wa utangulizi na dhana kuu, kisha uende kwenye ule wa mbinu ya kuendeleza usanifu, ADM, ukazifuate hatua zake kuanzia ile ya maandalizi, kisha A hadi H, huku usimamizi wa mahitaji ukikaa katikati na kuzigusa zote. Lugha yake ni kavu na inachosha, sikatai, lakini maswali hutungwa kutoka humo humo. Kwa kuwa mtihani hautolewi kwa Kiswahili, andika daftarini istilahi ya Kiingereza upande mmoja na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili.

Nafasi ya pili ni mwongozo rasmi wa kujisomea wenye maswali ya mazoezi, na hapa ndipo ningeweka shilingi yangu ya kwanza. Swali zuri la mazoezi hukulazimisha kuchora mpaka. Chukua mamlaka ya maji inayotaka kuunganisha akaunti za wateja zilizotawanyika katika mifumo mitatu. Mchoro unaoonyesha jinsi mifumo hiyo inavyopeana taarifa ni kielelezo. Hati inayoubeba mchoro huo, ambayo wadau wameipitia, wameikubali na kuitia saini, ni zao la kukabidhiwa. Uwezo wa kumtambua kila mteja kwa namba moja, unaoweza kutumika tena kwenye bili, malalamiko na usomaji wa mita, ni kijenzi. Ukielezwa kwa kazi inayotakiwa tu, ni kijenzi cha usanifu, na ukishatajwa kwa bidhaa itakayoutekeleza, umekuwa kijenzi cha suluhisho. Vivyo hivyo katika jedwali la uchambuzi wa pengo, linalolinganisha usanifu wa sasa na wa baadaye: vijenzi vya sasa hukaa kwenye safumlalo, vya baadaye kwenye safuwima, safumlalo ya mwisho ni ya vitu vipya na safuwima ya mwisho ni ya vilivyoondolewa. Lichore kwa mkono mara tatu, hutaligeuza tena. Kitabu ambacho majibu yake hayaelezi kwa nini yale mengine matatu si sahihi, kirudishe rafuni.

Darasa lililoidhinishwa liko nafasi ya tatu kwa sababu ya bei yake. Mwajiri akilipa, lipande daraja. Faida yake huonekana hasa kwenye sehemu ya pili ya mtihani, yenye visa 8 vya kujibiwa kwa dakika 90 huku nyaraka zikiruhusiwa kufunguliwa, ambapo jibu bora lina alama 5, linalofuata 3, kisha 1, na la mwisho halina kitu. Kubishana na mwalimu na wenzako kwa nini jibu fulani ni la 3 na si la 5 ni jambo gumu kulipata peke yako. Uliza kama bei inajumuisha vocha, na hakikisha kozi imo kwenye orodha ya The Open Group.

Kozi za video za bei nafuu ni za nne. Zinafaa kusikilizwa kwenye daladala baada ya kusoma. Maswali yaliyovuja usiyanunue kabisa: kanuni za mtihani zinayakataza, na mengi yana majibu yasiyo sahihi.

Vocha iwe ununuzi wa mwisho, baada ya kupata alama 30 kati ya 40 katika mazoezi mawili mfululizo, na uulize tarehe yake ya mwisho wa matumizi. Mtihani husimamiwa na Pearson VUE, kituoni au nyumbani mbele ya kamera. Kama mtaani kwenu umeme na intaneti hukatika, chagua kituo, hata ikibidi kusafiri hadi Dar es Salaam au Nairobi.