Kliniki iliyotazama mikono ya binti yetu

Kliniki hii ya watoto ni ndogo, ipo Mikocheni jijini Dar es Salaam, na inaongozwa na daktari bingwa mmoja mwanamke. Tulifika pale tukiwa tumechoka, kwa sababu vituo viwili tulivyopitia kabla vilimpima binti yetu uzito, vikaona uko vizuri, vikatuambia tusubiri, na nyumbani bibi yake alikwisha kuamini kwamba ni zongo, yaani jicho baya la watu.

Daktari huyu hakuanza na mizani. Alitandika mkeka, akaketi chini na mtoto, akaitazama mikono yake kwa muda mrefu bila kusema neno. Binti yetu, wakati huo akiwa na miezi 22, alikuwa akisugua viganja mbele ya kifua kama mtu anayefua leso, akiacha pale tu alipoipeleka mikono mdomoni. Kisha daktari akaomba video za zamani zilizomo kwenye simu zetu. Katika moja, mtoto ana miezi 13, anaokota bisi mojamoja kwa ncha za vidole huku akimwita baba. Swali lililofuata hakuna aliyewahi kutuuliza: aliacha lini?

Alichokishuku, na ambacho kipimo cha vinasaba kilithibitisha baadaye, ni sindromu ya Rett. Humpata takriban msichana mmoja kati ya 10,000, na karibu kila mara hutokana na badiliko la jeni ya MECP2 linalojitokeza lenyewe, bila kurithiwa na bila kosa la mama. Maneno hayo ya mwisho aliyarudia mara mbili akimtazama mke wangu, nami namshukuru kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Mtoto huonekana kukua kama wenzake kwa miezi 6 hadi 18, kisha hupoteza maneno na matumizi ya mikono, ukuaji wa kichwa hupungua kasi, husaga meno, hubana pumzi, na wengi hupata kifafa. Wengine hudhaniwa kuwa na usonji. Daktari Andreas Rett, aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1966, aliushtukia kwanza mjini Vienna alipowaona wasichana wawili wamepakatwa na mama zao wakisubiri zamu, mikono yao ikienda mwendo uleule.

Kasoro zipo. Miadi yetu ya saa tatu ilianza saa tano kasoro robo, sampuli ya damu ilipelekwa nje ya nchi kwa gharama ambayo bima yetu haikuilipa, na hapakuwa na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili ya kumpelekea bibi. Dawa ya kuponya haipo, na daktari alilisema hilo waziwazi. Tulichopewa ni ratiba ya mazoezi ya viungo na tarehe za kukaguliwa uti wa mgongo, ambao kwa watoto hawa huweza kupinda.

Atakayekwenda achukue kadi ya kliniki pamoja na video zote za tangu mtoto akiwa mchanga, na aombe miadi ya asubuhi, maana mtoto mwenye usingizi hawezi kutazamwa vizuri pale mkekani.