Uzoefu wangu: jigleri ndogo na pinyo ya meno 13 kwenye pikipiki ya cc 125, Goma

Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15. Pikipiki ya kabureta (kifaa kinachochanganya esansi na hewa) iliyopimwa kwa nchi za chini, ikifika huku inakunywa esansi nyingi kuliko hewa inayoipata: bujie, yaani plagi ya cheche, inajaa masizi meusi, mlimani inakohoa.

Kabureta kubwa inayosifiwa sokoni sikuitaka. Koo pana linapunguza kasi ya hewa injini ikizunguka polepole, esansi haisambai vizuri, na nguvu inapotea pale pale unapoanza kupanda na mzigo. Nilibadilisha jigleri kuu, kale kashaba kenye tundu kanakopima esansi, kutoka namba 100 hadi 97.5. Injini imekuwa laini na masizi yameisha. Nguvu imeongezeka kidogo tu, asikudanganye mtu.

Kupima ni hivi: panda mlima kwa gia ya tatu, gazi yote, kisha bana klachi na uzime hapo hapo. Fungua bujie. Kahawia ni sawa. Nyeupe ina maana esansi imepungua mno, rudisha jigleri haraka kabla joto halijaunguza valvu na pistoni. Anayeteremka Uvira, kwenye mita 780 hivi, afunge jigleri ya zamani.

Pinyo ya mbele, kale kagurudumu ka meno kanakovuta shene (mnyororo), ndiyo utakayoisikia kweli. Kutoka meno 14 hadi 13, mvuto kwenye gurudumu unapanda kama asilimia 8, na mwendo wa juu unashuka karibu kiasi hicho hicho. Kutoka Sake kupanda Masisi na abiria na gunia, nailipia tena bila kufikiri. Kwenye lami tambarare injini inalia sana, na hilo halinipendezi. Kwenye pikipiki yangu pinyo inashikwa na boluti mbili za 10 na bamba la kuzuia. Ukimaliza, vuta gurudumu la nyuma, acha shene icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Usifunge pinyo mpya kwenye shene iliyochakaa: meno yatalika upesi.

Kabla ya haya yote pimisha nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi. Valvu ya moshi iliyobana haifungi vizuri, kompresheni inavuja, na hakuna jigleri itakayoponya hilo.

Filta ya hewa iache mahali pake! Wapo mafundi wanaoitoa ili pikipiki "ipumue", lakini vumbi letu ni la mawe ya volkano, linakwangua silinda na ringi, na baada ya hapo injini inakula oili. Kama ni ya sponji, ioshe, ikauke kabisa, ipake oili kidogo kisha uikamue. Ya karatasi haioshwi, inabadilishwa.