Majuma manne na mishororo 14: tathmini ya darasa la kuchambua "Ozymandias"

Mwezi uliopita nilimaliza darasa la majuma manne linaloendeshwa kwa njia ya intaneti, ambalo kazi yake yote ni kuchambua shairi moja tu: soneti ya mshairi Mwingereza Percy Bysshe Shelley iitwayo "Ozymandias", yenye mishororo 14. Ada yake ni shilingi elfu arobaini za Tanzania, kipindi kina saa moja na nusu kila Jumamosi jioni, na mafunzo hutolewa kwa Kiswahili ingawa shairi lenyewe husomwa katika Kiingereza chake. Mimi hufundisha Kiswahili sekondari, na nilijiunga kwa sababu nimechoka kuona wanafunzi wakiorodhesha tashibiha na tashihisi kana kwamba kuorodhesha ndiko kuchambua. Sitalitaja darasa hili kwa jina, kwa kuwa lina kasoro moja nitakayoieleza, na nisingependa kumwaibisha mwalimu ambaye katika mengine yote alilitendea haki shairi.

Kilichonivutia tangu kipindi cha kwanza ni kwamba mwalimu hakuanza na wasifu wa mshairi. Alianza kwa kuuliza: ni nani anayesema? Swali hilo lilitupeleka juma zima. Nafsi neni ya shairi haijaona chochote. Inasema tu kwamba ilikutana na msafiri kutoka nchi ya kale. Msafiri huyo anasimulia alichokiona jangwani: miguu miwili mikubwa ya mawe isiyo na kiwiliwili, na karibu yake uso uliovunjika, nusu umefukiwa mchangani. Ndani ya masimulizi ya msafiri kuna maandishi yaliyochongwa kwenye kitako cha sanamu, na ndani ya maandishi hayo ndipo mfalme anaposema kwamba jina lake ni Ozymandias, mfalme wa wafalme, na kuwaamuru wenye nguvu wazitazame kazi zake na wakate tamaa. Kwa hiyo amri ya mtawala huyu inatufikia kwa kupitia vinywa vitatu, na hakuna hata kimoja kinachomtii. Nimesoma shairi hili mara nyingi tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kulipa uzito neno "nilikutana" linaloanzisha yote.

Kipindi cha pili kilihusu vina, na hapa ndipo nilipoona thamani ya fedha zangu. Sisi tuliolelewa na tarbia tumezoea kina cha kati na kina cha mwisho kukaa mahali pake ubeti baada ya ubeti, na soneti za kawaida nazo hugawanyika katika mafungu yanayojitegemea kwa vina. Shelley hakufuata mpango huo. Vina vyake vinavuka mpaka: kabla fungu moja halijafungwa, kina cha fungu linalofuata kimeshaingia. Mwalimu alitutaka tuvipigie mistari kwa kalamu za rangi, na kwa rangi hizo tukagundua kwamba mshororo wa kumi, unaoishia kwa neno la Kiingereza "Kings" (wafalme), umeshikana kina na mshororo wa saba, unaoishia kwa neno "things" (vitu), yaani vile vitu visivyo na uhai ambavyo juu yake mchongaji aliupiga chapa ukali wa mfalme. Mfalme hajapata hata nafasi ya kujitamba, na tayari sikio limeshamwunganisha na jiwe bovu. Uchambuzi wa namna hii haupatikani katika maelezo ya kukariri, na nimeanza kuutumia darasani kwangu kwa mashairi ya Kiswahili.

Tulikaa pia kwa muda mrefu juu ya mchongaji, na kwa haki. Shelley anasema mkono wa mchongaji "uliigiza" hisia za mfalme, lakini neno la Kiingereza alilolichagua lina maana mbili, kuigiza na kudhihaki, na yote mawili yanafaa. Mtumishi aliyeagizwa kumtukuza bwana wake alimsoma vizuri mno, akaacha kwenye jiwe lile dharau la mdomo ambalo bwana mwenyewe pengine aliliona kuwa ni utukufu.

Sasa kasoro. Maelezo ya kuchapisha tuliyotumiwa yanasema kwamba Shelley aliandika shairi hili baada ya kuitazama sanamu ya Ramesses II, mfalme wa Misri ya kale, katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Hilo si kweli. Ozymandias ni jina ambalo Wagiriki walimwita Ramesses II, na ni kweli kwamba Giovanni Belzoni aling'oa kipande cha sanamu yake chenye uzito wa zaidi ya tani 7 huko Thebes, Misri, mwaka 1816. Lakini shairi lilichapishwa katika gazeti la The Examiner tarehe 11 Januari 1818, kabla kipande hicho hakijafika Uingereza. Isitoshe, uso ulioko London ni mtulivu, una tabasamu jepesi, na haufanani hata kidogo na uso uliokunjamana wa shairini. Maneno ya mfalme yana asili katika maandishi ambayo mwanahistoria Mgiriki Diodorus aliyanukuu karne nyingi kabla. Wengine wataona kwamba ninashikilia jambo dogo, ila kosa hili linabomoa kilekile tulichojengewa katika kipindi cha kwanza: mshairi alisikia na kusoma, hakuona, na shairi lake limeundwa kwa uvumi wa mtu kumpa mwenzake. Nilipomwandikia mwalimu alinishukuru kwa unyenyekevu. Hata hivyo, nakala iliyotumwa juma la mwisho ilikuwa na sentensi ileile.

Sauti ya vipindi ni safi, na rekodi hubaki wazi kwa mwezi mmoja. Ningependa tu kundi lipunguzwe, kwani tulikuwa zaidi ya thelathini na wengi hawakupata nafasi ya kusema.

Kipindi cha tatu kililinganisha soneti hii na ile ya Horace Smith, rafiki wa Shelley, aliyeandika kwa kushindana naye juu ya mada hiyohiyo na kuchapisha katika gazeti lilelile tarehe 1 Februari 1818. Smith anamleta mwindaji wa siku zijazo anayekuta magofu mahali palipokuwa London, na kutuachia fumbo lililokwisha kufumbuliwa. Mama mmoja kutoka Lamu alikumbusha utenzi wa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika zama zilezile, aliulilia moyo wake kwa kuutajia majumba ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, ambayo madaka yake (vishubaka vya ukutani) ya vyombo vya thamani yamekuwa viota vya ndege na bundi hulia ndani. Mwalimu alimpa nusu saa nzima azungumze, na lilikuwa jambo la busara.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha mishororo mitatu tu, ile inayofuata baada ya maandishi ya mfalme. Mwalimu aliisoma polepole, kisha akatutaka tutafute kiima cha sentensi ya mwisho. Kijana mmoja, aliyekuwa kimya majuma yote manne, alijibu kwamba hakuna mtu tena katika sentensi hiyo. Kitenzi chake, kilicho katika wakati uliopo, ni cha mchanga.