Betri ya saa ya kompyuta: ipi ununue ukiwa Mwanza

Kompyuta ya mezani ikiamka kila asubuhi ikidhani ni Januari 2009, usikimbilie kupiga Windows upya. Hapa steshenari kwangu, Nyegezi, mwanafunzi alikuja kuchapa fomu, kila tovuti ikamkataa eti si salama. Tukalaumu bando bure. Tovuti huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine yangu ilikuwa imebaki miaka ya nyuma. Kilichokufa ni kile kidude cha duara kwenye mazabodi (bodi kuu ndani ya kompyuta): betri inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa.

Kinaitwa CR2032: upana milimita 20, unene 3.2, volti 3. Muuzaji akikupa CR2025 akakwambia "zinaingiliana hizo", mrudishie. Volti ni zile zile, ila unene wake ni milimita 2.5, itachezacheza kwenye kikalio.

Chaguo langu la kwanza ni Panasonic, Maxell au Murata (hao ndio waliochukua biashara ya betri za Sony mwaka 2017), ikiwa bado kwenye pakiti yake. Tatizo ni bandia, kwa hiyo mimi hununua kwa fundi saa mjini, siyo kwenye meza ya chaja na kava za simu. Fundi saa ana mita ya kupima volti. Mwombe aipime mbele yako: mpya husoma volti 3.2 hivi au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 3, mwachie. Yangu iliyokufa ilisoma 2.4.

Energizer na Duracell za supamaketi naziweka nafasi ya pili kwa sababu ya bei tu. Duracell imepakwa kitu kichungu ili mtoto aiteme. Jambo jema, lakini isiposhika vizuri, ifute.

Ya tatu ni zile tano kwenye kadi moja, jina hulijui. Nilinunua, ya kwanza ikanifikisha miezi minne. Mwenye mashine anayotaka kuiuza kesho zinamfaa.

Ya kung'oa kwenye mashine mbovu? Unahamisha uzee tu. Na LIR2032 usiiguse kabisa: hiyo ni ya kuchaji, volti 3.6, na mazabodi hii haina namna ya kuichaji.

Wengi wetu tunazima ukutani kila jioni, tukiogopa umeme ukatike na kurudi kwa kishindo. Sawa, ila jua kwamba waya ukiwa na umeme, saa hulishwa na pawa saplai. Ukizima ukutani, betri inabeba mzigo peke yake usiku kucha. Ndiyo maana sibanii hapa.

Kabla ya kuitoa, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) upige picha mipangilio kwa simu, hasa ule wa namna mashine inavyosoma diski, AHCI au RAID. Ukibadilika, Windows inaweza kugoma kuwaka. Kisha chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kumaliza umeme uliobaki, sukuma kile kishikio pembeni, itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa + ukiwa juu. Rudisha tarehe na mipangilio.

Ile ya zamani izungushie selotepu, usiiache mezani. Mtoto akiimeza inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, na hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama halii.